Nani Atautazama Ukilegea

Aproni ilikuwa ndani ya ndoo.

Sindano alisimama mbele ya ile ndoo, mikono kiunoni, akaitazama nguo yake ya kijani ikielea kwenye povu. Jana jioni aliipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani ili asubuhi asihangaike kuitafuta. Na tangu azaliwe hakuwahi kuona nguo ikifuliwa nyumba ile kabla watu hawajanywa chai. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anamenya vitunguu, kajifanya hamnazo.

"Mama, aproni yangu imefanya nini?"

"Ilikuwa chafu."

"Ilikuwa imepigwa pasi!"

"Kuna uchafu hautoki kwa pasi," mama akasema, wala uso hakuinua.

Haya. Mtaani walimwita Sindano kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na pia kwa sababu ya ule ulimi wake, ambao ukikugusa lazima uruke. Lakini humu ndani hakuwa Sindano. Humu ndani alikuwa kitinda mimba: wa mwisho kuzaliwa, wa mwisho kupakuliwa, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda, wa mwisho kuolewa, kama ataolewa. Miaka thelathini na sita si utoto. Wa kwanza aliyekuja kumposa, mama na kaka yake walisema anachekea puani. Wa pili viatu vyake vilikuwa vinalia. Wa tatu walimkagua wee, kasoro hawakuiona, wakasema mtu asiye na kasoro ana lake jambo. Wote hao Sindano aliwaacha waende zao, maana hata yeye moyo haukuwa umeshtuka.

Huyu wa nne ndiye aliyemshtua. Na wiki iliyopita tu, mjomba wa huyu wa nne aliketi pale sebuleni, kofia magotini, akaeleza kilichomleta kwa maneno mazuri ya heshima, na Kaka akamjibu kwa swali ambalo jibu lake alilijua.

"Huyo mpwa wako anafanya kazi gani?"

"Fundi bomba, mwanangu."

"Na Jumamosi mbona namwona amejaa udongo hadi masikioni?"

"Jumamosi anatunza kitalu cha mtaa. Miche ya asili. Anajitolea."

"Anajitolea!" Kaka alicheka akashika mbavu. "Mwanaume mzima anafuga magugu, tena bure! Mzee, sisi dada yetu hatumwozi porini."

Mzee wa watu akavaa kofia yake akatoka, chai yake hata kuigusa hajaigusa. Sindano aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia, akauma kitambaa cha mteja asije akapiga ukelele. Na jana Kaka aliongeza la kuongezea: kesho yake kikundi cha kitalu kinauza miche, mtaa mzima utakuwepo, na Sindano akionekana amesimama na yule bwana mbele za watu, basi ajue hana kaka tena, na mlango wa nyumba ile asiugonge.

"Kaka yako hatanii," mama akasema sasa, kisu hakikusimama.

"Na mimi sitanii."

Akainama, akaiopoa aproni, akaikamua mara moja tu kwa hasira, akaivaa hivyohivyo mbichi. Maji yakamchuruzika hadi ndani ya viatu.

"Utaumwa kifua!"

"Nitaumwa nikiwa kazini."

"We mtoto! Nani kakuroga?"

"Hakuna aliyeniroga, mama. Nimekomaa tu."

Akatoka. Majirani waliokuwa wanafagia walisimamisha mifagio wakamwangalia anavyopita na michirizi ya maji nyuma yake. Aliwasalimia wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya juu, asije mtu akasema hakumwona alikoelekea.

Mauzo yalikuwa uani kwa maktaba ya mtaa, penye kitalu chenyewe. Palikuwa na paa la wavu mweusi wa kukinga jua, mabomba yaliyolazwa vizuri chini ya meza, na safu kwa safu za miche ya miti na maua ya asili ya pale pale, ile ambayo watu waliifyeka miaka yote ili wapande maua ya dukani. Waliokiendesha kitalu walikuwa watu wachache wa kujitolea: mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti, muuguzi mmoja akitoka zamu, mzee wa kutengeneza redio, na Bwana Kitalu, ndiye huyo fundi bomba. Sindano alijiunga kwa kuwashonea aproni. Zote alizishona sawa, ila ya Bwana Kitalu aliitia mfuko wa siri kwa ndani, maana yule mtu alikuwa na kipaji cha kupoteza penseli.

Na kikundi kile kilikuwa na kanuni yake. Mwaka wa kwanza watu walinunua miche kwa shangwe, wakaisahau barazani hadi ikafia ndani ya mifuko yake. Mwenyekiti alizunguka nyumba hadi nyumba akakagua misiba, akarudi amefura. Tangu siku hiyo mche hautoki getini mpaka mnunuzi ajibu maswali matatu. Utakaa wapi? Maji utapata wapi? Nani atautazama ukilegea? Usipokuwa na jibu, hata uje na gunia la pesa, utarudi mikono mitupu. Mwanzoni watu walinung'unika kwamba kupata binti wa mtu ni rahisi kuliko kupata mche pale. Siku hizi walikuja na majibu yao mdomoni.

"Umechelewa," Mwenyekiti akamwambia, kisha akamtazama vizuri juu ya miwani. "Na umelowa. Kwenu kumenyesha?"

"Kwetu tu, Mwalimu. Kwingine kote kukavu."

Mwenyekiti alikuwa amefundisha watoto miaka mingi, alijua wakati wa kuuliza na wakati wa kuacha. "Nenda meza ya maua, wateja wanakungoja. Na yule," akaonyesha kwa kidevu upande wa bomba, "leo hasemeki. Tangu asubuhi anamwagilia mche mmoja. Atauzamisha."

Bwana Kitalu alikuwa amewapa mgongo, mpira wa maji mkononi, kichwa kimeinama. Sindano alimjua hata kwa mgongo. Alijua bega moja lililokuwa chini kidogo kwa kubeba mabomba, na shingo ambayo jua lilikuwa limeipiga kuliko uso. Bwana Kitalu akageuka. Macho yakakutana. Jamani, kuna watu wamepewa macho ya kutazamia, na kuna waliopewa ya kuwamaliza wenzao, na ya yule fundi bomba yalikuwa ya kundi hilo la pili. Sindano akasahau kama amelowa, akasahau kama ana hasira, akabaki amesimama katikati ya njia na watu wanampita.

"Ungebaki nyumbani," yeye akasema.

Ndiyo salamu hiyo!

"Na mimi sijambo," Sindano akajibu. "Salamu haipo, pole ya kulowa haipo. Umeamkia upande gani leo?"

Bwana Kitalu akageuza uso. Akatazama mezani. Naye Sindano akafuata macho yake, na hapo ndipo alipouona.

Ulikuwa mche wa asumini mwitu, umejiviringisha juu ya kijiti chake, na maua mawili meupe yamefunguka. Shingoni ulikuwa umefungwa kikaratasi cha bei.

Mche ule haukuwa wa kuuzwa. Asumini ile marehemu baba yake Sindano aliipandisha kwenye ukuta wa ua wao akiwa kijana, ikatambaa ukuta mzima, na jioni ilikuwa inanukia hadi nyumba ya tatu. Baba alipofariki, Kaka akataka tangi la maji pale ukutani. Akaita fundi bomba, akamwambia, "Ng'oa hayo magugu kwanza." Fundi akang'oa. Lakini Sindano, aliyekuwa anashona huku anafuta machozi dirishani, alimwona amechuchumaa kwenye lundo la taka, anachagua tawi kwa makini na kulifuta udongo kwa kidole. Akatoka na kipande cha kitambaa, akakichovya kwenye ndoo, akampa bila neno. Fundi akakizungushia lile tawi, akamtazama, akasema, "Likishika nitakuletea habari." Habari alizileta kweli. Alizileta kila wiki, hata zile wiki ambazo tawi halikuwa na jipya lolote, na ndivyo mambo yalivyoanza. Wakakubaliana mche ule watakuja kuupanda siku watakapokuwa na mlango wao.

"Huu unafanya nini hapa?" Sindano akauliza.

"Unauzwa."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Mche wetu?"

"Ulikuwa wetu." Akafunga maji, akaviringisha mpira taratibu, alimradi mikono iwe na kazi. "Nimewaza sana wiki hii. Wewe una mama. Una kaka. Una kwenu. Mimi nina spana na chumba cha kupanga. Mjomba alivyorudi siku ile alikaa kimya hadi usingizi ukampitia kitini, mtu ambaye hanyamazi. Nikasema basi. Sitaki siku moja uniangalie ukasema nilikutoa kwenu. Nimeona bora nikuache."

"Umeona."

"Ndiyo."

"Umeona!" Sauti ikapanda. "Kaka kaamua. Mama kaamua. Sasa na wewe umeamua. Mimi hapa ni nani, ndoo? Kila mtu anachota tu? Kabaki paka wa jirani, naye mumwite atoe maoni!"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Nimekatiza mtaa mzima nimelowa chapachapa, unadhani nimekuja kunong'ona?"

"Mimi nakupenda, ndiyo maana..."

"Hapana." Sindano akainua kidole. "Hapo hapo. Usiniambie unanipenda halafu ukatia 'ndiyo maana.' Kaka ananipenda, ndiyo maana ananifungia mlango. Mama ananipenda, ndiyo maana kanilowekea nguo. Ndiyo maana zimenitosha hadi hapa! Niambie unanipenda, unyamaze. Unaweza au huwezi?"

Bwana Kitalu akafungua mdomo. Sindano akangoja. Lakini macho yake yakavuka bega la Sindano, yakaenda getini.

Gari la Kaka lilikuwa limesimama getini.

Kaka alishuka wa kwanza, shati jeupe, funguo zinazunguka kidoleni. Mama akashuka kwa upande wa pili, anajifunga mtandio wake vizuri. Watu wakaanza kupeana nafasi, kama watu wanavyopeana nafasi wakinusa ugomvi: hawaondoki, wanasogea tu mahali pa kuona vizuri.

"Wewe!" Kaka akaita toka mbali. "Panda gari."

Sindano akajipangusa mikono kwenye aproni, akaenda nyuma ya meza, akasimama ubavuni kwa Bwana Kitalu. Bega kwa bega. Mtu asiseme hakuona.

"Karibuni," akasema. "Mnatafuta mti au ua?"

"Nimekuambia panda gari!"

"Gari sikuliomba. Kaka, kama hununui usitie kivuli kwenye meza, wateja wanashindwa kuona."

Mahali fulani nyuma mtu akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Kaka akavimba. "Unanijibu mbele za watu? Kwa ajili ya huyu? Huyu ambaye hana mbele wala nyuma? Jana nilikuambia nini?"

"Uliniambia nitakuwa sina kaka. Nimekusikia, nikapiga moyo konde, nikaja. Sasa uamuzi ni wako, ukaka ni wako. Mimi miguu yangu ndiyo hii, na iko hapa."

"Mama, unamsikia mwanao?"

Mama hakuwa anasikia. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya maua, mkono mmoja umeshika mtandio kifuani, anatazama ule mche wa asumini. Akausogelea. Akainama polepole, kwa magoti yake yale mabovu, pua ikafika kwenye ua.

"Huu," akasema. "Huu mmeutoa wapi?"

Aliyejibu ni Bwana Kitalu.

"Ni wa kwako, mama. Siku ile nilipokuja kufunga tangi. Niliambiwa niung'oe, nikaung'oa, ila tawi moja niliondoka nalo. Sikuomba ruhusa. Naomba radhi."

"Mnaona?" Kaka akadakia. "Tena na mwizi juu!"

"Hebu nyamaza!" mama akasema, na hakumwambia Bwana Kitalu. Kaka akatumbua macho. Toka azaliwe, maneno hayo yalikuwa yakiwaendea wengine. Mama akagusa jani, akagusa lingine. "Marehemu alikuwa ananichumia jioni, ananiwekea kwenye mto. Kila jioni, hata siku tumenuniana. Mlipoung'oa nilisema tangi ndilo la maana, wajane hawana haja ya maua." Akafungua fundo la pesa kwenye pindo la mtandio. "Nipeni. Naununua."

Sindano angeweza kumpa. Mkono wake ulikwishafika kwenye mfuko wa mche. Mama yake alikuwa analia, yeye mwenyewe alikuwa karibu kulia, na ingekuwa rahisi kuufunga kwenye gazeti, kupanda gari, na yote yakaishia hapo kwa amani. Ndiyo amani iliyokuwa imemla miaka yote hiyo. Akautoa mkono.

"Kuna maswali, mama."

"Maswali gani?"

"Unamhoji mama?" Kaka akang'aka.

"Wote wanahojiwa," Mwenyekiti akasema, amekwisha kufika na miwani yake. "Mimi mwenyewe nilihojiwa, na kanuni nimeitunga mimi. Endelea, binti."

Sindano akasimama wima. "Utakaa wapi?"

Mama akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Palepale. Ukutani."

"Pana tangi."

"Tangi litahama."

"Mama, lile tangi..." Kaka akaanza.

"Litahama, nimesema!"

"Maji utapata wapi?"

"Ya kuoshea vyombo. Baba yako hakuwa anaupa mengine."

Sindano akavuta pumzi. "Nani atautazama ukilegea?"

"Si wewe?" Mama alilisema kwa wepesi, kama jambo lisilohitaji kufikiriwa. "Nani mwingine? Wewe si upo."

Basi, hapo ndipo Sindano alipoelewa kila kitu. Kicheko cha puani, viatu vinavyolia, magugu, yote yalikuwa ni maneno tu. Wale wanaume wote walikuwa na kosa moja lilelile: walikuja kumchukua yule anayetazama wenzake wakilegea. Ikamuuma, tena ikamuuma hasa, maana mama hakulisema kwa ubaya. Alimpenda. Alimpenda kama mtu anavyoupenda mkongojo wake.

"Mimi sitakuwepo, mama," akasema. "Mimi naolewa."

Bomba likasikika linavyodondosha matone.

"Na nani?"

"Na huyu. Na asidhani amenusurika, nitamhoji hapahapa." Akageuka, akamkabili Bwana Kitalu uso kwa uso. "Bwana Kitalu! Mimi nitakaa wapi?"

"Mimi?" Rangi ilikuwa imemtoka.

"Kuna mwingine humu?"

Akaangalia chini, akamwangalia Kaka, akamwangalia mama, mwisho akamwangalia Sindano, na hapo macho yakatulia. "Kwangu. Chumba ni kimoja, lakini kina baraza. Cherehani yako inaenea chini ya dirisha. Nilishapima."

"Ulipima lini?"

"Zamani."

Wanawake waliokuwa meza ya miti wakaguna kwa raha. Sindano akajikaza asitabasamu.

"Maji nitapata wapi?"

"Mimi ni fundi bomba."

Hapo watu wakaangua kicheko, hata muuguzi aliyekuwa anasinzia akaamka. Sindano hakucheka. Lilibaki swali moja.

"Nani atanitazama nikilegea?"

"Mimi."

"Ndiyo maana ipo?"

"Haipo." Akamshika mkono, palepale, mbele ya mama mtu na kaka mtu na mtaa mzima. "Nakupenda."

Akanyamaza.

Na kimya chake kile, nawaambia, Sindano hajawahi kusikia neno tamu kukizidi. Mkono wa mwanaume yule ulikuwa na udongo, wake ulikuwa na sabuni, na hakuna aliyeuachia.

"Na mimi?"

Sauti ilikuwa ndogo hata watu hawakujua imetoka wapi. Ilikuwa ya mama. "Mmehojiana weee, mmecheka. Na mimi nikilegea, nani atanitazama?"

Machozi Sindano aliyokuwa ameyazuia toka asubuhi yakamshinda. Lakini mkono hakuuachia.

"Mama, hilo ndilo ungeniuliza tangu zamani. Ungeniuliza hilo, tusingewatukana watu wa watu kwa ajili ya viatu. Mimi nahamia mtaa wa pili, siendi kuzikwa. Nitakuja. Nitakuosha miguu, nitakupikia, utanichoka. Ila sitakaa kwenye kiti nikingoja ulegee. Hilo sitalifanya, hata ukiniloweka mimi mwenyewe kwenye ndoo. Na watoto ulizaa wawili, mama. Wawili."

Kaka ghafla alikuwa na jambo la muhimu sana la kuangalia kwenye simu yake.

"Bibi," Mwenyekiti akasema kwa upole, lakini bila kulegeza kamba, "swali la tatu bado."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akauangalia mche. Akamwangalia binti yake, na ule mkono ulioshikwa, akauangalia kwa muda. Halafu akageuka akamtazama mwanawe mkubwa toka viatuni hadi kichwani.

"Huyu," akasema.

"Nani?" Kaka akainua uso.

"Wewe. Uliyeung'oa ndiye utakayeutazama."

"Mimi? Mama, mimi na maua wapi na wapi? Mimi asubuhi nawahi kazini!"

"Utaamka mapema."

"Samahani," Sindano akasema. "Hapa mtu hajibiwi na mwenzake. Kaka, ni wewe au si wewe?"

Kaka akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Mtaa mzima ulikuwa unamtazama, na mzee wa redio alikuwa amesogeza sikio lake zima. "Haya. Mimi."

"Huku nyuma hatujasikia!" muuguzi akapaza sauti.

"Mimi! Nimesema mimi, nitautazama, mnataka nilie?"

"Umeuzwa," Mwenyekiti akasema.

Mama akanyoosha mikono apokee. Lakini Sindano akasema, "Ngoja," akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa mkasi wake wa kushonea. Kabla mtu hajasema lolote akachagua tawi moja, akalikata chini kidogo ya kifundo, kama alivyofundishwa wiki zile zote za habari zisizo na jipya.

"We! Unaukata mti wa baba yako!"

"Nachukua fungu langu."

Akakata na kamba ya aproni, ile mbichi, akalizungushia lile tawi. Bwana Kitalu akainama sikioni kwake. "Ina sabuni hiyo. Itaua."

"Basi suuza! Unangoja nini?"

Akakimbilia bombani, akaisuuza kamba hadi maji yakatoka safi, akalifunga tawi upya. Sindano akamkabidhi. "Tia kwenye mfuko wa ndani. Na siku ukiliweka tena hili mezani, nitakukata wewe."

Mama aliyaona yote hayo, amekumbatia mche wake. Aliiona na ile kamba aliyoiloweka mwenyewe alfajiri, sasa ipo kifuani kwa fundi bomba. Midomo ikamcheza, akaibana.

"Na wewe usinichekee," akamwambia Bwana Kitalu. "Sijakukubali. Kesho uje uhamishe tangi."

"Nitakuja, mama."

"Na huyo mjomba wako uje naye. Mwambie ile chai yake aliiacha."

Akaelekea kwenye gari bila kugeuka. Kaka akafuata nyuma na kijiti kingine cha kuegeshea mche, amekishika mbali na shati lake. Akafungua mlango, akasita, akamtazama dada yake.

"Hupandi?"

"Nitakuja jioni, kwa miguu yangu," Sindano akasema. "Na mlango nitaugonga, Kaka. Tutaona nani hatafungua."

Kaka akafunga mlango wa gari polepole, asitingishe maua.

Sindano akajifuta uso kwa aproni isiyo na kamba, akaishikilia kiunoni kwa mkono mmoja isidondoke. Mbele ya meza alikuwa amesimama mwanamke mmoja na mche mikononi, machozi yanamtoka, amesahau kabisa alichokuja kufanya.

"Haya, dada, foleni isilale," Sindano akamwambia. "Utakaa wapi?"